Utepe wa Bendera ya Podvrbje

Bendera ya kata yetu ya Podvrbje ni ya buluu, na katikati yake, ndani ya ngao, amesimama korongo mweupe kwa mguu mmoja, mdomo na miguu yake ikiwa myekundu. Anayemtazama kutoka barabarani, mbele ya ofisi ya kata, humwona ameuelekea mlingoti. Hivyo ndivyo kanuni ya nembo inavyodai. Ndege au mnyama wa kwenye ngao hutazama upande wa mti unaobeba bendera. Akitazama kwingine, wenye elimu ya mambo hayo husema kwamba anakimbia. Jambo hilo nilifundishwa na mjukuu wangu Mirta, ambaye ndiye aliyemchora. Mimi, niliyewafundisha watoto wa vijiji vyetu viwili kusoma, kuhesabu na kusimama wima wanapozungumza na mkubwa, nilikaa kwenye meza ya jikoni mwangu nikafundishwa na mtoto niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu, wala sikuona haya. Niliona fahari.

Kata yetu ilizaliwa baada ya vita, wakati wilaya kubwa zilipokatwakatwa, na kwa miaka mingi haikuwa na nembo kwa sababu kijiji cha juu na kijiji cha chini havikuweza kukubaliana. Watu wa juu walitaka kanisa la Mtakatifu Roko, ambalo liko kwao. Watu wa chini walitaka kivuko cha zamani cha mto Drava, ambacho kilikuwa kwao kabla daraja halijajengwa. Hatimaye tulichoresha vyote pamoja: kanisa, kivuko, mto, hindi lenye majani, ng'ombe, kitabu kwa heshima ya shule, na jina la kata chini yake kwa herufi za dhahabu. Kamati ya nembo kule mji mkuu, Zagreb, ilitujibu kwa adabu kwamba ngao si bango la mnadani, na kwamba tuchague kitu kimoja, bila herufi.

"Kitu kimoja," alisema Štef Kolarek, mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, mtu asiyeweza kukaa kikaoni bila kuchekesha. "Basi tuchore kiazi. Kila mtu anacho."

Hicho kilikuwa kikao cha wiki ya Pasaka, na kilifanyika nyumbani kwangu, maana ofisi ya kata ilikuwa inapakwa rangi. Mirta alikuwa amekuja likizo kutoka Zagreb, alikokuwa akisomea uchoraji. Alikuwa anatuandalia kahawa. Alitusikiliza tukigombana mpaka kahawa ikapoa, kisha akanyoosha kidole dirishani kuelekea shule, ambako juu ya bomba la moshi palikuwa na kiota cha korongo, na korongo mwenyewe amesimama ndani yake akigonganisha mdomo wake ka-ka-ka-ka kama mtu anayepasua kuni nyembamba.

"Huyo hapo," alisema. "Wa juu wanamwona, wa chini wanamwona. Na hana chama."

Wa juu na wa chini wakakubali. Kabla ya jioni alikuwa amemchora. Kamati ya Zagreb ilimkubali bila kusahihisha hata unyoya mmoja, na barua yao ya pongezi niliitia kwenye fremu.

Lakini serikali haina haraka. Wakati kibali kilipofika na bendera ikashonwa, Mirta alikuwa amekwisha kumaliza masomo, ametafuta kazi asipate, na amekwenda Ireland, kama walivyokwenda karibu wote wa rika lake. Huko alikuwa anachora picha za makopo ya biskuti. Shule yangu nayo ilifungwa, kwa kuwa wanafunzi waliobaki wangetosha kwenye benchi moja. Bomba la moshi likapoa. Korongo hawakujali, waliendelea kuja.

Mirta hakuwa mjukuu wa kuonekana siku za sikukuu tu. Mama yake alifariki akiwa mdogo, na baba yake, mwanangu, alikuwa Stuttgart, Ujerumani, akijenga nyumba za watu wengine. Alilelewa na mimi na marehemu mke wangu Terezija. Alipoondoka, nyumba ilibaki na mimi, saa ya ukutani na paka.

Sasa, kwetu bendera isiyobarikiwa ni kitambaa tu. Hubarikiwa siku ya Mtakatifu Roko, katikati ya Agosti, na siku hiyo hupewa mama. Mama wa bendera hushika pindo lake padre anapoinyunyizia maji ya baraka, kisha hufunga juu ya mti wake utepe aliodarizi jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila sikukuu ya Mtakatifu Roko ni lazima awepo, atembee nyuma ya bendera yake kuzunguka kijiji. Na siku akifa, bendera humsindikiza makaburini na kuinamishwa juu ya kaburi lake mpaka ncha ya kitambaa iguse udongo. Terezija alikuwa mama wa bendera ya zimamoto. Niliiona ikiinama juu yake. Kwa muda ule mfupi nilihisi kwamba kijiji kizima kilikuwa kimepiga goti.

Nitasema wazi nilichokitaka. Nilitaka Mirta awe mama wa bendera aliyoichora mwenyewe, ili awe na sababu ya kurudi nyumbani kila mwaka ambayo haikuwa mazishi yangu.

Mkuu wa kata, Zdenko Pintarek, alikuwa na mpango mwingine. Alitaka cheo hicho apewe mkewe, Ljerka. Huyo Ljerka ana duka la dawa mjini, na huko ndiko anakoishi siku zote za wiki. Huku kwetu huja Jumapili, akala chakula cha mchana kwa mama mkwe wake, akaondoka na trei ya mayai. Sina ugomvi naye. Lakini mtu asiyejua mlango wa jirani yake ukoje hawezi kutembea nyuma ya bendera ya kijiji. Mimi nilikuwa diwani, na katika kikao cha masika nilisimama nikapendekeza kifungu: mama wa bendera ni sharti awe mkazi aliyeandikishwa katika kata ya Podvrbje.

Zdenko alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kugawanya, na mpaka leo akinikasirikia masikio yake huwa mekundu.

"Mwalimu," alisema, "Ljerka ni mke wangu wa ndoa."

"Sijasema si mke wako, Zdenko. Nimesema si mkazi."

"Kila Jumapili yuko hapa."

"Analala mjini, anakula kwetu," Štef akadakia. "Huyo tumwandikishe mkazi wa mayai."

Watu walicheka. Masikio ya Zdenko yalibadilika rangi, lakini hakuinua sauti.

"Na mjukuu wako je, Mwalimu? Maana wote tunajua unamtaka nani. Yuko Ireland yule."

"Amekwenda kazini. Baba yako hakwenda Ujerumani? Nani alimwita mgeni? Mirta ana kitanda nyumbani kwangu, na kitambulisho chake kina namba ya nyumba yangu. Ni mkazi kama wewe."

"Sawa. Basi kifungu kipite. Ila mimi naongeza hili: diwani atakayemtaja mama wa bendera asimame siku yenyewe, mbele ya watu wote, athibitishe kwamba masharti yametimia. Ili iwe sheria kwa kila mtu, isiwe fimbo ya kumchapia mke wangu peke yake."

"Kwa kila mtu," nilijibu, na nilijibu kwa sauti kubwa.

Mikono ikainuliwa. Wa Zdenko ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Jioni ile nilimpigia Mirta simu nikamsimulia jinsi nilivyomshinda Zdenko. Alicheka mpaka akakohoa.

"Maskini Ljerka. Babu, wewe ungezaliwa mjini ungekuwa jaji, na magereza yangejaa."

"Utakuja?"

"Nitakuja. Utepe nitaudarizi mwenyewe, ila usiukague kwa miwani. Sijashika sindano tangu bibi alipokuwepo."

Alikuja siku chache kabla ya sikukuu. Nilimpokea kwenye kituo cha basi nikiwa nimevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu mgeni wa heshima hapokewi kwa shati tupu. Alikuwa amekonda. Tulipita barabara kuu kwa miguu, mimi nikibeba sanduku lake, naye akisalimia kila aliyekuwa barazani kwake. Na waliokuwa barazani walikuwa vizee watupu, kila mmoja na fimbo yake na kopo lake la maua. Wakati ule korongo walikuwa wameanza kukusanyika kwenye malisho yaliyofyekwa, kama wafanyavyo kila Agosti kabla ya safari yao ndefu ya kusini. Mirta alisimama akawatazama.

"Wanapanga foleni," alisema. "Kama uwanja wa ndege wa Zagreb mwezi wa Januari."

Nilikuwa nimepika supu ya kuku yenye tambi nyembamba, na mezani palikuwa na jibini kavu lenye pilipili nyekundu, nyanya, na mafuta ya mbegu za maboga ambayo alisema kwamba huko aliko anayaota. Kabla ya kula alinionyesha utepe. Ulikuwa wa hariri nyeupe, na jina lake alikuwa amelidarizi kwa uzi mwekundu. Herufi za mwanzo zilikuwa zimepinda kidogo, za mwisho zilikuwa zimenyooka, maana mkono wake ulijifunza kadiri ulivyosonga. Kwenye ncha alikuwa ameweka korongo mdogo asiyezidi ukucha. Niliukagua kwa miwani. Nilimwambia kwamba bibi yake angeukubali, na kwangu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Tulipoanza kula aliweka kijiko chini akashika shavu.

"Jino," alisema. "Limenisumbua njia nzima."

"Kesho asubuhi uende zahanati. Daktari wa meno huja kila Alhamisi. Kadi yako ya bima unayo?"

"Kadi yangu haifanyi kazi tena, babu. Nitavumilia, nitang'oa nikirudi."

"Kwa nini isifanye kazi?"

Alichukua kipande cha mkate akaanza kukimega vipande vidogo vidogo.

"Nilijiondoa. Kwenye ukazi. Krismasi, nilipokuwa hapa, siku ya kuondoka. Nilipita kituo cha polisi mjini, kwenye daftari la wakazi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Ilinibidi, babu, mambo ya kodi, walikuwa wananisumbua huku na kule. Wote tunafanya hivyo."

"Hukuniambia."

"Ungesema nini?"

Tulijua sote wawili ningesema nini.

"Ni karatasi tu," alisema.

"Umeketi mezani pangu na si mkazi wa nyumba hii."

"Babu. Nimeketi mezani pako. Si unaniona?"

"Kile kifungu nilikusimulia kwenye simu."

"Ulinisimulia jinsi ulivyomkomesha Ljerka. Mimi nilidhani ni cha Ljerka."

"Sheria haina jina la mtu."

Alinitazama. Ana macho ya Terezija, na Terezija naye alikuwa akinitazama hivyo nilipomrudishia mwuza duka chenji aliyoizidisha huku nyumbani hatuna sukari.

"Nani anajua?" aliuliza. "Mimi na wewe. Polisi wa mjini hawaji kwenye sikukuu ya Mtakatifu Roko. Nitafunga utepe, nitatembea nyuma ya yule ndege wangu, nitakuja tena mwakani, na mwaka ule mwingine. Si ndicho ulichokitaka?"

"Ndicho."

"Basi kula, supu inapoa."

Nikala. Yeye aliuchukua ukimya wangu kuwa jibu, akachangamka, akanisimulia habari za mkuu wake wa kazi anayetaka kila biskuti ichorwe inatabasamu. Sikumkatiza. Siku zilizobaki sikulitaja jambo lile, naye hakulitaja. Alipiga pasi gauni la sikukuu la bibi yake, lile jeupe la kitani lenye marinda, akaning'iniza shanga zake nyekundu kwenye kioo. Alikuwa akiimba anapopiga pasi. Ningeweza kumwambia wakati ule. Nilikuwa bado natafuta njia ya kuwa mkweli na kubaki na mjukuu, na mtu anayetafuta kitu kisichokuwepo hutafuta mpaka dakika ya mwisho.

Siku ya Mtakatifu Roko ilipambazuka bila wingu. Baada ya misa tulikusanyika katika ukumbi wa zimamoto kwa kikao cha heshima, kama ilivyo desturi, kabla ya kutoka nje kwa baraka na maandamano. Tarumbeta zilikuwa zikijaribiwa uani. Nguruwe wa kuoka alikuwa amekwisha anza kunukia. Ukumbi ulijaa, na hata wale wa Ujerumani waliokuja likizo na magari yao walikuwa wamesimama nyuma. Bendera ilikuwa imelazwa mezani, imekunjuliwa, na yule korongo alikuwa akiutazama mti wake. Mirta alikuwa safu ya mbele, amevaa gauni na shanga, utepe mapajani. Watu wa juu na watu wa chini walikuwa wakimtazama na kunong'onezana, na sikusikia hata mmoja akisema vibaya.

Zdenko alisoma maneno ya ufunguzi. Halafu akasema:

"Kwa mujibu wa kifungu chetu, diwani aliyemtaja mama wa bendera athibitishe kwamba masharti yametimia. Mwalimu Halavanja, tafadhali."

Nilisimama. Nilifunga vifungo vya koti. Katika maisha yangu yote nimesimama mbele ya watu hawa na wazazi wao na kuwaambia kwamba mbili na mbili ni nne hata kama baba yako ni mwenyekiti wa chama. Nilikuwa nimewaambia "kwa kila mtu". Hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakunisikia siku ile au hakusimuliwa.

"Hayajatimia," nilisema. "Mirta Halavanja si mkazi wa kata hii. Alijiondoa mwaka uliopita."

Tarumbeta uani zilikuwa bado zinapigwa kwa vipande vipande.

"Mwalimu, kaa chini," Štef alisema hatimaye, kwa upole usio wake. "Jua limekuchoma, bwana."

Hakuna aliyecheka. Mirta hakuinua uso. Alikuwa akitazama utepe mapajani, akipitisha kidole gumba juu ya zile herufi zilizopinda.

Nilitazamia Zdenko afurahi. Ningejua namna ya kuistahimili furaha yake. Lakini alinitazama kama mtu anavyomtazama mzee aliyeanguka barabarani, na hilo lilinichoma zaidi.

"Jamani," alisema, "madiwani wote tupo. Tunakifuta kifungu hiki sasa hivi, twende zetu nje. Nani anakubali?"

Mikono yote iliinuka isipokuwa wangu. Walewale waliokipitisha masika walikiua Agosti, na padre hakuwahi hata kumaliza kufuta miwani yake.

"Kimefutwa. Mirta, mwanangu, njoo. Bendera ni yako."

Alisimama. Alikuwa mweupe kuliko gauni lake.

"Ahsante, mheshimiwa," alisema. "Nashukuru kweli. Lakini mtu wa kwanza kuniambia mbele ya watu kwamba mimi si wa hapa ni babu yangu. Nimemjua maisha yangu yote, na hajawahi kukosea hesabu."

Akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akauweka utepe mezani mbele yangu, akaulainisha kwa kiganja usiwe na mkunjo, akatoka kwa mlango wa uani. Nilisikia tarumbeta zikinyamaza moja baada ya nyingine alipopita.

Niliketi. Padre aliuliza kwa sauti ya chini itakuwaje sasa, maana bendera bila mama haibarikiwi. Ndipo Ljerka, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, akafungua mkoba wake. Utepe wake ulikuwemo, umekunjwa vizuri ndani ya karatasi laini, jina lake limedariziwa kwa mashine, kila herufi sawa na mwenzake.

"Niliuchukua tu," alisema, akiona haya kidogo. "Kama ingetokea."

Na ikawa imetokea. Alishika pindo, padre akanyunyiza maji, utepe ukafungwa juu ya mti wa bendera ambayo mjukuu wangu aliichora. Nilitembea katika maandamano mahali pangu, pamoja na madiwani, kuzunguka kijiji cha juu na kijiji cha chini. Sikuharakisha, sikubaki nyuma. Tulipopita shuleni, kiota kilikuwa kitupu.

Niliporudi nyumbani gauni lilikuwa kitandani, limekunjwa, na shanga juu yake. Sufuria ya supu ilikuwa imeoshwa na kufunikwa. Basi la mchana lilikuwa limekwisha kupita.

Hupiga simu. Siwezi kumsingizia kwamba ameniacha. Huuliza kuhusu kuni, kuhusu presha yangu, kuhusu paka. Hazungumzii siku ile, na mimi sijui neno la kuanzia. Nikimwuliza kama atakuja, husema kazi ni nyingi mwaka huu. Amesema hivyo kila mwaka tangu hapo.

Mwaka uliofuata Ljerka hakuja kwenye Mtakatifu Roko. Alikuwa baharini na dada zake, kwa kuwa nyumba ya kupanga ilikuwa imekwisha lipiwa. Nyuma ya bendera hakutembea mtu. Palikuwa na nafasi tupu barabarani, urefu wa hatua chache, kati ya mbeba bendera na wapiga tarumbeta, na kila mtu aliiona na kila mtu alizungumza kuhusu hali ya hewa. Maandamano yalipokwisha, Zdenko alinifuata kwenye meza ya uani, akiwa na bilauri mbili za divai iliyochanganywa na maji ya gesi.

"Mwalimu, ule utepe wa Mirta bado unao?"

"Ninao."

"Ulete. Tutaufunga na wenyewe, juu ya ule wa Ljerka. Ljerka mwenyewe kasema. Mpigie simu mtoto, mwambie uko juu ya mti. Huenda akaja."

"Hakuwa mama wa bendera."

"Kifungu si tulikifuta?"

"Mlikifuta baada ya mimi kujibu."

Masikio yake yakaanza kuwa mekundu.

"Mwalimu, hakuna mtu hata mmoja katika kata hii anayekudai jambo hilo. Hata mmoja. Unamlipa nani?"

Nilimwambia kwamba divai yake ilikuwa na maji mengi. Aliondoka na bilauri zote mbili.

Utepe uko kwenye droo ya chumbani, pamoja na shanga za Terezija. Siutoi mara kwa mara. Siku moja niliutoa nikauweka kwenye mwanga wa dirisha, nikaona jambo ambalo sikuliona kwa miwani siku ile ya supu: yule korongo mdogo wa kwenye ncha hakutazama upande wa mti. Alikuwa amemdarizi akitazama upande wa mbali. Labda alikosea alipogeuza kitambaa. Yeye aliyenifundisha mimi kanuni ile. Sikumwuliza.

Kila asubuhi nikienda kununua mkate hupita mbele ya ofisi ya kata, na nikifika mlingotini huvua kofia. Štef huwa ameketi kwenye benchi la zimamoto akisubiri mtu wa kumtania.

"Unamvulia nani, Mwalimu? Wote wamelala."

"Bendera."

"Yule ndege, au utepe wa Ljerka?"

"Bendera, Štef. Ivulie na wewe, ni ya kata yako."

Huvua, kwa mzaha, akaivaa tena. Karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu korongo wa kweli hurudi, huzunguka juu ya paa la shule iliyofungwa, hutua kwenye bomba baridi na kuanza kugonganisha midomo. Mimi husimama mpaka wanyamaze. Kisha huvaa kofia yangu nikaenda kununua mkate, nusu mkate, maana mzima siumalizi.